Petroli ya oktani ya juu siku ya treki: soma dalili kabla ya kulipia

Siku ya treki, yaani ya kulikimbiza gari lako kwenye uwanja wa mbio, hulitendea gari jambo ambalo safari ya kwenda kazini hailitendei: mafuta yanakanyagwa mpaka chini, dakika kumi na tano au ishirini mfululizo, juani, na hakuna foleni ya kuipumzisha injini. Hapo ndipo swali la petroli linapozuka. Wengi hupita sheli asubuhi, wakajaza ile ya bei ya juu na kuamini wamenunua nguvu. Lita ya oktani ya juu haina nishati zaidi ya lita ya petroli ya kawaida. Unacholipia ni uwezo wake wa kubanwa na kupashwa joto bila kuwaka yenyewe.

Ndani ya silinda mambo huenda hivi. Plagi ikitoa cheche, moto husambaa kutoka hapo kuelekea kingoni. Mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki kingoni hubanwa na kupata joto kadiri moto unavyoukaribia. Ukilipuka wenyewe kabla haujafikiwa, hapo injini imegonga: mawimbi ya shinikizo hupiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni. Kipimo cha oktani, kilichobuniwa miaka ya 1920, hulinganisha petroli na vimiminika viwili, isooktani iliyopewa 100 na heptani iliyopewa 0. Namba ikipanda, petroli inachelewa zaidi kujilipukia.

Magari ya sasa yana sensa ya kugonga iliyofungwa kwa bolti kwenye bloku. Ikisikia mtetemo wake, kompyuta hurudisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nyuma digrii kadhaa, kisha huirejesha polepole. Gari linanusurika, ila linapoteza nguvu. Kwa hiyo kwenye gari ambalo halijaguswa kompyuta wala tabo (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini), petroli ya juu inasaidia katika hali moja tu: pale kompyuta ilipokuwa tayari imeshaipunguza taimingi kwa sababu ya kugonga. Dalili za hali hiyo zinafanana sana na za matatizo mengine ambayo petroli haiyatibu, na ndiyo sababu naona watu wazima wakilipia petroli ghali msimu mzima ilhali kilichokuwa kinawarudisha nyuma ni kifuniko cha rejeta.

Gari lako lilisetiwa kwa petroli gani?

Fungua mfuniko wa tenki na kitabu cha gari kabla ya kufanya lolote. Afrika Mashariki, Ghuba na Ulaya namba ya oktani inayotumika ni RON, inayopimwa kwa masharti mepesi. Marekani pampu huonyesha AKI, ambayo ni wastani wa RON na MON (namba inayopimwa kwa masharti magumu zaidi), kwa hiyo AKI 91 ya kule ni karibu RON 95 au 96. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani lenye kibandiko cha 91 linataka petroli bora kuliko RON 91. Kosa hili ni la kawaida mno, na linagharimu.

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Kule kuna petroli mbili: regular, ambayo kwa kiwango chao haipaswi kushuka chini ya RON 89, na haioku, isiyopaswa kushuka chini ya 96 na ambayo vituo vingi huiuza ikiwa karibu 100. Vitz au Fielder yenye injini ya 1NZ-FE ilisetiwa kwa regular, ingawa kompresheni yake, yaani kiasi inavyoubana mchanganyiko, ni 10.5 kwa 1. Petroli ya juu haina cha kuipa. Lakini Impreza WRX STI, Lancer Evolution, Civic Type R na Altezza RS200 za soko la Japani zilisetiwa kwa haioku. Ukizitilia petroli ya kawaida ya hapa, kompyuta inaweza kuwa inaipunguza taimingi kila siku, na wewe hujui kwa sababu hujawahi kuliendesha gari hilo likiwa na petroli yake. Wenye magari haya ndio walengwa wa kweli wa petroli ya bei ya juu. Anayeishi Muscat ana unafuu: pampu zina 91, 95 na 98 zimeandikwa waziwazi. Kwetu, jina la kuvutia kwenye pampu halitoshi. Uliza namba.

Cha pili, pata kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, hata kile kidogo kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth. Rekodi joto la hewa inayoingia kwenye injini, joto la maji, taimingi na masahihisho ya petroli. Programu zinazoielewa gari yako hasa zitakuonyesha pia digrii za taimingi ambazo kila silinda imepunguziwa. Kwenye Subaru angalia namba iitwayo DAM, au IAM kwa matoleo mengine: ikikaa 1.0 kompyuta imeridhika na petroli, ikishuka imepunguza imani nayo. Kwenye Volkswagen za 1.8T na 2.0T za miaka iliyopita, kundi la vipimo namba 020 linaonyesha silinda zote nne moja baada ya nyingine. Bila kumbukumbu hizi, kila kinachofuata ni kubahatisha.

Dalili: mlio wa kugonga ukikanyaga mafuta

Unasikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, zaidi unapotoka kona ya polepole ukiwa na gia kubwa kidogo. Kabla ya kulaumu petroli, lala chini ya gari. Magari yetu mengi yamefungiwa bamba la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini), na bamba lililolegea bolti moja hutoa mlio ambao hata fundi mzoefu anaweza kuudhania ni kugonga. Ngao ya joto ya egzosi iliyopasuka hufanya vivyo hivyo. Hatari yake ni kwamba sensa nayo inaweza kudanganyika na mtetemo huo, ikapunguza taimingi bila sababu. Hapo unaweza kumwaga hata petroli ya mashindano, namba kwenye kumbukumbu hazitabadilika.

Kama mlio ni wa kweli, tazama silinda moja moja. Silinda zote zikiwa zimepunguziwa kwa kiasi kinachokaribiana, tuseme digrii nne, tano au zaidi kila unapokanyaga, chanzo ni kitu kinachozigusa zote: petroli, joto la hewa au joto la injini. Digrii moja au mbili zinazotokea mara mojamoja ni kawaida, kompyuta nyingi hujaribu mpaka wao kwa makusudi. Lakini silinda moja ikiwa peke yake inapunguziwa sana na nyingine ziko sawa, oktani siyo tatizo. Zote zinanywa kutoka tenki moja. Hapo tafuta nozeli ya petroli iliyoziba nusu, gaskiti ya manifoldi inayovuta hewa pembeni, plagi ya aina tofauti au kaboni iliyojaa juu ya pistoni. Kaboni hupunguza nafasi ya kubania, kompresheni ikapanda, na vipande vyake hubaki vyekundu kwa joto. Kwenye kanuni hii moja, zote au moja, ndipo ninapookoa muda mwingi kuliko popote pengine.

Zikiwa ni zote, jiulize ulijaza wapi. Gari ambalo halijawahi kugonga likianza ghafla baada ya kujaza kituo fulani, shuku petroli iliyochakachuliwa. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana, na kiasi kidogo tu kinatosha kuiharibu tenki nzima. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama za kuyatambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Jaribio la haraka ni kudondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka na kuondoka, yenye mafuta ya taa huacha doa la grisi. Jaribio hili halitoi namba ya oktani, lakini linatosha kukufanya umwage tenki kabla ya kwenda treki.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko sehemu nyingi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa pale ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ya lile la Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kidogo, shinikizo ndani ya silinda linashuka, na haja ya oktani inashuka nayo. Ndiyo sababu majimbo ya milimani ya Marekani kama Colorado huuza AKI 85 kama petroli ya kawaida, wakati kwingineko ya kawaida ni 87. Gari linaloishi Nairobi au Nakuru kwa utulivu mkubwa linaweza kugonga likishuka pwani kwenye joto la digrii 32, petroli ikiwa ileile. Fundi wa Nairobi akikuambia gari lako halihitaji petroli ya juu, anasema kweli ya Nairobi.

Mwenye tabo asijifariji na hilo. Tabo hujitahidi kulifikia lengo lake hata hewa ikiwa nyepesi, huzunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka humo ikiwa na joto zaidi. Mwinuko unampunguzia mwenye injini ya kawaida mzigo, ila kwa mwenye tabo unaweza kuuhamishia kwenye intakula, kile kipozea hewa inayotoka kwenye tabo.

Dalili: raundi mbili za mwanzo zina moto, kisha gari linalegea

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na ndilo linalouza petroli nyingi ya bei ya juu. Raundi ya kwanza muda wako ni mzuri, ya tatu gari linahisi limefungwa kamba. Hakuna mlio. Taa ya injini haijawaka.

Tazama joto la hewa inayoingia. Kompyuta nyingi huanza kuipunguza taimingi zenyewe hewa ikishapita nyuzi 50 au 60, hata kama hakuna kugonga kokote, kwa sababu jedwali lao linasema hivyo. Upunguzaji wa namna hii hausikilizi sensa, kwa hiyo hauisikilizi petroli. Kwenye kumbukumbu utaona taimingi imeshuka huku safu ya kugonga ikiwa sifuri. Kinachosaidia ni hewa: raundi moja ya kupoza baada ya kila mbili au tatu za kukimbia, intakula iliyosafishwa mapezi yake yaliyojaa wadudu na matope, na ile mipira na plastiki za mbele zinazoelekeza upepo zirudishwe mahali pake. Magari yaliyowahi kugongwa mbele mara nyingi hurudi kutoka gereji bila plastiki hizo. Ukitoka treki na kuegesha usizime injini papo hapo ukiwa umefunga boneti. Fungua boneti, iache ipumue.

Ikiwa joto la hewa ni la kawaida lakini silinda zote zinaonyesha kugonga kunakozidi kila raundi, basi uko kwenye hali ambayo petroli ya oktani ya juu inafaa. Kuta za silinda na vichwa vya pistoni vimepata joto, petroli imefika mpaka wake. Hapo ongezeko la namba mbili au tatu linaweza kukurudishia zile digrii, na utaliona kwenye saa, siyo kwenye hisia.

Angalia pia bomba la kupumulia injini. Mvuke wa oili unaporudishwa kwenye manifoldi huishusha oktani ya mchanganyiko, na treki huuongeza kwa sababu oili inarushwarushwa kwenye kona. Chomoa bomba la kuingilia kwenye throtolo, pitisha kidole ndani. Unyevu mwembamba si neno. Oili inayotiririka ina maana vali ya kupumulia imechoka au pete za pistoni zimelegea.

Dalili: nimeweka ya juu, sioni tofauti

Kuna sababu tatu, na ya kwanza ni kwamba hukuwa na tatizo. Kompyuta ya gari la kiwandani ina kikomo cha taimingi. Ikishakifikia kwa petroli ya kawaida, petroli bora haiisogezi mbele hata digrii moja. Kwa 1NZ-FE ya Vitz, hapo ndipo hadithi inapoishia, na pesa hiyo ingenunua breki nzuri.

Ya pili ni mchanganyiko. Tenki la lita 50 lenye lita 20 za RON 91, ukaliongezea lita 30 za RON 95, lina takriban RON 93.4. Ukitaka kuijaribu petroli kwa haki, liendeshe gari mpaka libaki na kidogo, ndipo ujaze.

Ya tatu ni kumbukumbu ya kompyuta. Ilichojifunza kwa miezi haikisahau ukifunga mfuniko wa tenki. Jaza siku moja au mbili kabla, uliendeshe kwa mizigo tofauti, ukikanyaga vizuri mahali panaporuhusu, ndipo ipate nafasi ya kuirudisha taimingi. Anayejaza asubuhi getini anafanya majaribio ya nusu.

Dalili: linakatika kwenye kona ndefu

Nguvu inapotea ghafla katikati ya kona ndefu na kurudi ukinyoosha usukani. Tenki likiwa na robo, petroli inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Kaa juu ya nusu tenki, na kama gari lako lina tenki lililogawanyika pande mbili juu ya shafti, kaa juu zaidi. Usilipuuze. Kukosa petroli ukiwa umekanyaga mpaka chini hufanya mchanganyiko uwe mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, na mchanganyiko mkavu kwenye injini ya tabo unaweza kutoboa pistoni.

Dalili: inamisi (inaruka cheche) RPM za juu, injini ikizunguka kwa kasi

Plagi na koili, karibu kila mara. Shinikizo kubwa ndani ya silinda linafanya cheche ishindwe kuruka pengo lililopanuka kwa uchakavu. Petroli ya juu haitoi cheche.

Ila ukishazitoa plagi, zisome vizuri kwa kioo cha kukuzia na mwanga wa jua, maana hakuna ushahidi wa karibu zaidi wa kilichotokea ndani. Tazama porselini nyeupe inayozunguka nondo ya katikati. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Vitone vyeusi vidogo mno vilivyotawanyika juu ya porselini ni dalili ya kugonga. Vikiwa vinang'aa kama fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako, na siku yako ya treki imeisha, hata kama gari linawaka vizuri. Porselini iliyopasuka nayo mara nyingi ni dalili ya kugonga, na nondo iliyoyeyuka kona inasema plagi huenda ni ya moto kupita kiasi kwa kazi hiyo, yaani haitoi joto lake haraka. Ukinunua za baridi zaidi kwa hatua moja, kumbuka kwamba kwa NGK na Denso namba kubwa ndiyo baridi, kwa Bosch ni kinyume.

Dalili: plagi zimegeuka rangi ya chungwa, taa ya injini imewaka

Umetumia kichupa cha kuongeza oktani. Vingi vina manganizi au madini ya chuma, na masalia yake ndiyo rangi hiyo. Kidogo si janga, kingi hufunika plagi, sensa ya oksijeni na katalaiza (kisafisha moshi cha egzosi). Soma pia kibandiko kwa makini: kichupa kinachotangaza kupandisha pointi 10 mara nyingi kinamaanisha kutoka 91 kwenda 92, kwa kuwa pointi moja huhesabiwa kama sehemu ya kumi ya namba.

Na tafadhali, usiweke mafuta ya ndege. Najua yanapatikana kwa anayejua mtu. Avgas 100LL inaruhusiwa kuwa na risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Risasi hiyo inaua katalaiza na sensa ya oksijeni, na moshi wake unaupulizia watoto waliosimama kando ya uzio kutazama magari. Nchi zetu ziliiondoa kwenye petroli za barabarani ifikapo 2006, kwa sababu nzito.

Dalili: mshindo mmoja mzito kwenye RPM ya chini

Hii ni ya injini ndogo za tabo zenye nozeli ndani ya silinda. Unatoka kona kwa gia ya nne, RPM 1,800, umekanyaga yote, unasikia kishindo kimoja kama kitu kimegongwa kwa nyundo. Matone ya oili na masalia huwasha mchanganyiko kabla hata plagi haijatoa cheche, na oktani ya juu haina msaada mkubwa hapa. Msaada uko kwenye oili yenye alama ya API SP (daraja la ubora wa oili), iliyoanza 2020 na ambayo imepimwa kwa tatizo hili, na kwenye mguu wako: shusha gia kabla ya kukanyaga.

Dalili: inachemsha

Kugonga huongeza joto, na joto huongeza kugonga, kwa hiyo watu hukimbilia petroli. Anza na maji. Rejeta nyingi huku zina maji ya bomba matupu, na Nairobi maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta, ambacho kwenye magari ya Japani kawaida ni cha 88 au 108 kPa. Mpira wake ukipasuka, shinikizo linatoka na maji yanachemka mapema kwenye kuta za silinda, hasa karibu na vali za kutolea moshi, kabla hata geji ya dashibodi haijasogea. Silinda zinazokaa mahali hapo zinaanza kugonga. Kifuniko kipya chenye namba ileile, kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu, themostati inayofunguka kwa wakati, na feni zote mbili zizunguke. Kisha rudi treki na petroli yako ya kawaida, urekodi upya, na kama silinda zote bado zinapunguziwa taimingi maji yakiwa chini ya nyuzi 100, nenda ukajaze ile ya bei ya juu.